Nimefuta Faili Mara Tisa Ili Mwanangu Asikate Simu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie, na ingawa kwa kukadiria ile picha yako ya gazetini nakuzidi miaka kumi hivi, nitakuita Shangazi kama wengine wote, maana jambo hili limenifanya nijione kama mtoto aliyevunja kikombe akakificha uvunguni.

Mimi ni fundi saa, nina miaka sitini na minne, mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita na mtoto wetu ni mmoja tu, wa kiume, yuko nchi ya mbali na mkewe, kazi yake ni kutengeneza kompyuta za maofisi bila kuziona, yaani anakaa kwenye kiti chake, anaingia ndani ya mashine ya mtu aliye mji mwingine, anaitibu, anatoka, na mwenye mashine hata chai yake haijapoa. Kila Jumapili saa kumi alasiri hunipigia, na kwa muda mrefu simu hiyo ilikuwa ya dakika nne, najua kwa sababu mbele yangu kuna saa kumi na saba za ukutani: umekula baba, dawa ya presha umemeza, duka linaendaje, haya baba, wasalimie wote. Wote ni nani, Shangazi? Ni mimi na hizo saa.

Basi siku moja nikipanga kabati la marehemu nikakuta kile kigemu cha mkononi alichokuwa akichezea mwanangu shule ya msingi, betri imevimba, kioo kimepasuka, na mimi ninayefufua saa zilizozama majini nikakifungua nikashindwa. Wala si gemu nililokuwa nikilitaka, nilitaka ule wimbo wake wa kuwaka, mlio mfupi tu, maana zamani nikiusikia kupitia ukuta wa duka nilijua mtoto amerudi, mama yake yuko jikoni, nyumba imetimia. Nikamwambia mwanangu Jumapili ile, akacheka, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba, akasema baba, hiyo kompyuta ya zamani niliyokuachia inaweza, kuna programu inaitwa emuleta, inaifanya kompyuta ijifanye kuwa kile kigemu. Kumbe yeye alishanakili zamani kadi yake ya gemu pamoja na faili la kuwashia, akanitumia vyote.

Tukaanza. Pakua programu, fungua furushi, tengeneza folda, lile faili la kuwashia liweke humo humo na si penginepo, ukikosea unapata kioo cheusi, kisha iambie programu folda iko wapi, kisha panga vitufe, cha kuruka nikakiweka kwenye herufi Z, mishale nikaiacha ilivyo. Tulichukua saa moja na nusu. Na utamu wake, Shangazi, haukuwa kwenye vitufe, ulikuwa kwenye kusubiri, maana ule mstari wa kijani ukiwa unajaa asilimia kwa asilimia hakuna cha kufanya, na hakuna anayeweza kukata simu kazi ikiwa haijakwisha, basi ndipo alipokuwa akinieleza mambo, bosi wake anavyomsumbua, mkewe ambaye ni muuguzi anavyorudi hoi, na mara moja, mstari ukiwa asilimia sitini, akaniambia kwamba bado hajaifuta namba ya mama yake kwenye simu. Nikautazama mstari mpaka ukafika mia.

Wimbo ukalia. Nikalia na mimi, sikumwambia.

Jumapili iliyofuata akaniuliza gemu linafanya kazi, nikasema ndiyo, akasema safi sana baba, na simu ikawa dakika nne. Nakuapia nilizitazama saa zote kumi na saba nikidhani zimesimama. Jumamosi ya wiki iliyofuata nikalichukua lile faili la kuwashia nikalitupa kwenye kipipa cha takataka cha kompyuta, nikakimwaga na kipipa chenyewe, na kesho yake nikamwambia mwanangu, sijui nimefanya nini, kioo ni cheusi.

Nimefanya hivyo mara tisa. Mara nyingine nahamisha folda, mara nyingine navuruga vitufe, safari moja nilizima sauti kabisa nikasema kompyuta imekuwa bubu. Mimi, mtu ninayeweza kurudisha skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari mahali pake kwa kupapasa tu, nikawa namuuliza mwanangu folda ndiyo ipi. Naye hakuchoka, kila Jumapili tunaanza upya, pakua, fungua, weka, subiri. Jirani yangu fundi viatu alikuwa akinialika drafti kila Jumapili, nikawa nakataa, sasa hata kunialika ameacha.

Mara ya tisa, badala ya kuniambia pakua, aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba, leo ni tarehe ngapi?" Nikamjibu, na siku, na saa, na dakika. Akampa mkewe simu, mkwe wangu akaniomba kwa adabu nihesabu kurudi nyuma kutoka mia, nikipunguza saba saba, nikaanza, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, nikakwama, si kwa kusahau, ila miaka mitatu hakuna aliyezungumza nami kwa upole kiasi kile, nikawa naifikiria sauti yake badala ya hesabu. Nikasikia kalamu ikiandika.

Juzi mwanangu amenipigia Jumatano, siku isiyo yake. Kazini wanataka kumpa cheo alichokisubiri miaka sita, mwisho wa mwezi huu ndio siku ya kujibu, naye ataacha yote. "Narudi nyumbani, baba. Hutabaki peke yako tena." Na unajua nilichohisi, Shangazi? Furaha. Nikisema kweli hatakuja, na pengine hata zile dakika nne zitakwisha. Nikinyamaza atakuja kumuuguza mgonjwa ambaye hayupo, na nitalazimika kusahau vitu mpaka nife. Nishauri, tafadhali, siku zinakwenda.

Fundi Saa

JIBU LA SHANGAZI

Fundi Saa, barua yako nimeisoma mara mbili, na hiyo miaka kumi unayonizidi tutaijadili siku nyingine.

Pole kwa marehemu mkeo. Pole kwa zile saa kumi na saba. Nyumba ya mtu mmoja ina kelele zake na sitaki kukudanganya kwamba sizijui. Pole zangu zimeishia hapo, sasa nisikilize.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Wewe umekwenda mbali zaidi, umeficha maradhi uliyonayo ukaonyesha usiyokuwa nayo. Una upweke, ukajifanya una usahaulifu, kwa sababu usahaulifu unaonewa huruma na upweke unaonewa aibu. Nani amekufundisha hivyo? Na mkwe wako maskini wa Mungu, anakaa na karatasi akikuhesabia saba zako! Kuna wenzio wanaosahau kweli majina ya watoto wao, na wangetoa chochote wapate hiyo akili unayoichezea.

Usingoje Jumapili. Gazeti hili linatoka Alhamisi, basi piga leo, upige wewe, maana katika barua nzima sijaona mahali ulipopiga wewe. Usianze na hali ya hewa. Sema hivi: "Mwanangu, sijasahau kitu. Nilikuwa nafuta mwenyewe, kila Jumamosi, kwa sababu simu zetu ni fupi." Kisha nyamaza, mwache akasirike. Atakasirika, ni haki yake, usimkatize wala usijikohoze ili aogope. Kesho asubuhi nenda zahanati wakupime kumbukumbu na presha, uwatumie majibu, kwa sababu neno lako peke yake kwa sasa halitoshi. Umejitakia.

Na cheo cha mtoto kisiguswe kabla hajajua ukweli. Akiujua na bado akataka kurudi, huo ni uamuzi wake na mkewe. Akitaka kubaki, mwambie abaki, usilie kwenye simu. Ila umwombe saa moja ya Jumapili. Iombe kwa mdomo wako, kama watu wazima wanavyoombana. Mwambie naye aiweke hiyo emuleta kwake, muwe mnacheza lile gemu moja huku simu iko wazi, mgombane nani ameshindwa. Na Jumapili kabla ya saa kumi, beba kiti chako mpaka kwa fundi viatu. Kama drafti imekwisha, kaa tu.

Nimebakiwa na neno moja, nalo nimelitoa kwenye barua yako mwenyewe. Umesema mwanao anaingia kwenye mashine za watu walio mbali, anazitengeneza, anatoka kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo kazi yake. Basi kompyuta yako angeweza kuiingia ile mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akalirudisha faili kwa dakika tano bila wewe kugusa kitufe. Mara nane hakufanya hivyo. Mara nane alisema baba, pakua, fungua, weka, halafu akakaa na wewe akisubiri mstari wa kijani ujae.

Siapi, mimi si mganga. Lakini ukimpigia, muulize kwa nini.