Nusu ya Kichwa cha Baba

Buhongwa,
Mwanza.
18 Agosti, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Masele,

Habari za Songea na baridi yake? Wifi Rose kifua kimeachia? Sisi huku tupo, Mungu anatubeba. Miguu yangu inauma kama kawaida, ila hiyo si habari ya kumwandikia mtu.

Utashangaa barua wakati simu ipo. Tangu presha ya macho imalize kazi yake na baba asione tena, masikio yake yamekuwa makali mno. Nikinong'ona jikoni, yeye anajibu akiwa uani. Na haya ninayokuandikia sitaki ayasikie.

Unaikumbuka ile filamu ya vichekesho waliyorekodi hapa mtaani mwaka juzi? Baba aliwekwa kuwa mteja aliyesinzia kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi anamwona mama mkwe wake anakuja, anatupa wembe na kukimbia, na mteja anabaki amenyolewa nusu kichwa. Baba hakupewa hata neno moja la kusema, kazi yake ilikuwa kulala tu. Lakini walimnyoa kweli. Mwongozaji akamwomba akae hivyo siku nne, huenda wangerudia.

Baba mzima, kiongozi wa jumuiya, mtu wa miaka sabini na moja, Jumapili ile alisali nje karibu na dirisha la kanisa ili asivue kofia! Nilimgombeza sana. Akanijibu, "Acha watu wacheke, Modesta. Kuna ubaya gani?"

Basi, filamu imetoka mwezi uliopita. Mimi na binti yangu Odeta tuliitazama kwanza kwa Mama Dorcas, jirani mwenye deki ya video. Baba hayumo. Kinyozi mwenyewe anapita mara moja tu, kabeba ndoo. Nikasoma kasha, limeandikwa kwa herufi nyekundu: "Pamoja na vipande vilivyokatwa na vituko vya nyuma ya kamera." Nikarudi mbio kumwambia baba kwamba kipande chake kimewekwa huko kwenye nyongeza. Haraka haraka haina baraka, na mimi sijifunzi.

Jumamosi alioga mapema, akavaa shati la Pasaka, tukamshika mkono hadi kwa Mama Dorcas. Masele, nyongeza yenyewe ni aibu. Mwongozaji anashukuru watu dakika nane, na aliyepika pilau anamtaja mara mbili. Kipande kilichokatwa ni kimoja: gari linarudi nyuma, basi. Kisha picha za mnato zinapita na kinanda, na mwisho namba za simu.

Baba alikuwa ameinama mbele, mikono magotini. "Bado?" anauliza. "Bado, baba." Ningesema ukweli pale pale. Nilishindwa. Nimechoka kuwa mtu wa kumpelekea habari mbaya. Ya daktari nilimwambia mimi, ya kuuza baiskeli yake nilimwambia mimi. Kinanda kilipoanza, mdomo ukanitangulia: "Haya baba, ndiyo wewe huyu."

Alicheka hadi akakohoa. Nikamsimulia kiti, kioo, taulo shingoni. Odeta akawa anatazama sakafu. Nikasema, "Kinyozi huyoo kakimbia, upande wa kulia wote mweupe, na wewe unakoroma."

Kicheko kikakatika. Baba akapitisha kiganja kichwani, upande wa kushoto, polepole, kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Mama mkwe kafika wapi?"

Nikaendelea. Ningefanyaje?

Jumatano aliwaeleza wanajumuiya wote jinsi alivyotokea, nao wakacheka vizuri. Halafu akaniagiza nikununulie nakala, ndiyo hii iliyomo kwenye bahasha. Anataka ukishaitazama umpigie umweleze ulivyomwona. Usihangaike kutafuta deki. Tangu jana ananiuliza basi la Songea linachukua siku ngapi.

Msalimie wifi, na Queen mwambie shangazi yake anamkumbuka. Odeta na Mama Dorcas wanakusalimu. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape usingizi mwema.

Ukimpigia usiwe na haraka, mweleze kidogo kidogo kama mtu aliyeona. Na tafadhali, mdogo wangu, walimnyoa kushoto.

Wako akupendaye,
dada yako Modesta.