Vibuyu Juu ya Minazi ya Kanisa

Kikoneni,
Jumatano.

Mama yangu Jemima,

Shikamoo. Goti laendeleaje huko Mkongani? Mama mdogo Dama asikulishe mihogo mitupu. Mimi ni mzima na uzuri wangu uleule ulioniacha nao. Wanaopata tabu ni wasichana. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika popote.

Padre Garama ameshtakiwa, mama. Mzee Rai, mwenyekiti wa parokia, aliona vibuyu vya tembo juu ya minazi ya kanisa, akamwandikia askofu kwamba padre anagemesha na kunywa. Jumapili askofu alikuja mwenyewe, tukajaa ukumbini.

Mwanzoni padre alijitetea vizuri. Alisema hajaonja tembo tangu apate upadre, na anayedai alimwona amelewa ataje siku. Hakuna aliyetaja. Nikajua tumeshinda. Askofu akamwuliza, basi mgema ni nani? Akajibu kwamba hilo hawezi kulisema. Rai akasema padre kashikwa na ububu wa ghafla. Niliungua, mama. Mtu afunguliwa mlango wa kutokea, aufunga mwenyewe.

Kisha Rai akaniita mimi, mtoto wa mgema, niutazame mkato wa karara la mnazi linalotoa tembo, alilokuja nalo. Na mdomo wangu huu, nikasema aliyekata hapa ni fundi, Kwale nzima hana wa pili. Ukumbi ukacheka. Padre hakucheka wala hakunitazama. Askofu amempa hadi Jumapili amtaje mgema, la sivyo aondolewe parokiani.

Mama, keti kwanza. Fundi huyo ni mimi. Nilikuapia kaburini kwa baba kwamba sitapanda mnazi, kwa kuwa mnazi ndio uliomwua. Ni miezi minne sasa napanda. Kabla ya Pasaka nilimwungamia padre, na ya kitubioni hayatoki kinywani mwake hata akifukuzwa. Malipizi aliyonipa ni kushuka, na kukuambia mwenyewe. Nikajiona mjanja, nikaendelea.

Kesho naenda kwa askofu. Nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Rai. Vibuyu nimevishusha vyote. Na ile kotama ya baba, kisu chake cha kugemea, uliyoificha chini ya debe la mchele ukidhani sijui, nimeirudisha palepale.

Msalimie mama mdogo, na hasira zako nibakishie kidogo za kuzimaliza ukirudi.

Mwanao, ambaye bado hajaanguka,
Karisa