Alichosema Baba Chelimo Kituoni

Kimulot,
Konoin, Bomet.
21 Septemba 2025

Mpendwa shemeji Kipngeno,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini wewe, Chepkosgei na watoto mko wazima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umetulia. Sisi tuko salama. Kogo, mama yenu, bado anaamka kabla yetu sote, na bado analalamika kwamba chai yangu ni nyepesi. Magoti yanamsumbua, lakini Jumapili iliyopita alienda kanisani kwa miguu yake na akakataa kushikwa mkono.

Mvua ya mawe ilitupiga mwezi wa saba, zaidi upande wa msituni. Majani ya chai yamechipuka tena. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Najua umempigia ndugu yako Johana simu mara nyingi na hashiki. Najua pia ulisikia kwa Kiplangat kwamba alijiaibisha kituoni, pale tunapouzia majani, na kwamba alipoteza uenyekiti wa kamati ya wakulima kwa kumsikiliza mtoto. Mambo haya kwa simu hukatika katikati, ndiyo maana nimempa Okeyo, anayesafiri kuja huko kwenu, barua hii aje nayo. Isome polepole.

Binti yetu Chelimo yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea uchumi. Mwaka huu walianza somo linaloitwa ekonometriki. Nilipomuuliza ni nini, aliniambia ni namna ya kutumia hesabu kupima kama kitu kimoja kweli kinasababisha kingine, au vinatembea pamoja tu. Mwalimu wao alitaka kila mmoja atafute swali la kweli, si la kitabuni, na kulijibu kwa vipimo alivyokusanya mwenyewe.

Wakati huo Baba Chelimo alikuwa ameanza kunyunyizia chai mbolea ya maji aliyonunua kwa muuzaji mmoja anayezunguka masoko. Alikuwa ameiweka sehemu moja tu ya shamba. Chelimo akaona swali lake liko hapo mlangoni. Basi msimu mzima tulipima majani ya kila safu peke yake kabla ya kuyapeleka kituoni. Wachumaji walitucheka, lakini walipima.

Alipokuja likizo alituonyesha kwenye kompyuta. Kila safu ilikuwa nukta, na mstari ukapita katikati ya nukta zile. Hiyo ndiyo wanaita regresheni. Safu zilizonyunyiziwa zilikuwa zimezidi sana. Akatueleza hivi: tuchukulie kwanza kwamba mbolea haifanyi kazi yoyote. Je, bahati peke yake ingeweza kutuletea tofauti kubwa namna hii? Hesabu ikajibu kwamba ni vigumu mno. Kwa hivyo lile wazo kwamba haifanyi kazi tunalikataa. Baba Chelimo alimwambia arudie maneno hayo mpaka akayashika kichwani.

Unamjua ndugu yako. Wiki hiyo hiyo alisimama kituoni, watu wakisubiri lori la majani, akatangaza kwamba mbolea ile inafanya kazi na imepimwa kisayansi. Alikuwa mwenyekiti wao na hajawahi kuwadanganya. Wengi waliinunua. Kemuma, yule mjane wa Kisii aliyenunua shamba jirani baada ya wewe kuondoka, aliacha kabisa mbolea ya kawaida akatumia ile ya maji peke yake.

Kazi ya Chelimo ilisifiwa chuoni. Alipewa alama ya juu, na sisi tukajivuna.

Halafu siku moja mwalimu wao akafundisha juu ya kitu kilichosahauliwa nje ya hesabu, ambacho kinavuta pande zote mbili. Alitoa mfano wa miji yenye zahanati nyingi kuonekana ina wagonjwa wengi, na kumbe si zahanati zinazoleta ugonjwa, ni wingi wa watu. Chelimo ananiambia wenzake walikuwa wanaandika, yeye akaacha kalamu. Alikuwa ameukumbuka mto ulio chini ya shamba letu.

Alifika nyumbani Jumamosi bila kutuambia kwamba anakuja. Hakuingia ndani. Alishuka moja kwa moja shambani na viatu vyake vya mjini, akamkuta baba yake, akamuuliza kwa nini alinyunyizia zile safu za chini na si za juu.

"Maji yako pale," Baba Chelimo akasema. "Nani abebe maji mpaka juu?"

Wewe umekulia shamba hilo. Unajua safu za bondeni zina udongo mweusi, na hata Januari kukikauka zinachipuka. Zimekuwa zikizaa kushinda za juu tangu mzee wenu akiwa hai. Chelimo alilijua hilo pia, amechuma huko tangu akiwa mdogo. Halikuingia tu kwenye hesabu. Alikaa mezani akaingiza umbali wa kila safu kutoka mtoni, akaanza upya. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo, ya aina ambayo bahati inaweza kuleta siku yoyote.

Alimwambia baba yake Jumapili baada ya chakula. Mimi nilikuwa natoa vyombo. Nikaviweka chini.

Baba Chelimo akauliza, "Kwa hivyo haifanyi kazi."

"Sijasema hivyo, Baba. Nasema hatujui."

"Lakini ile likizo ulijua."

Chelimo hakujitetea. Alisema alikosea, na kwamba atarudi kwa mwalimu wake kumwambia hivyo hivyo. Ndugu yako aliinuka akaenda kwa ng'ombe, akakaa huko mpaka wakati wa kukamua.

Nitakuambia ukweli kwamba mimi sikutaka aseme lolote. Uchaguzi wa kamati ulikuwa umekaribia. Nilimshauri anyamaze mpaka upite, halafu aseme kidogo kidogo kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna mtu angejua, maana hesabu zile ni Chelimo tu anayezielewa. Alinijibu kwamba Kemuma anaweka tena ile mbolea ya maji wiki hiyo, na uchaguzi haumhusu Kemuma.

Jumatatu alienda kituoni na shati lake la kanisa, nami nikaenda naye. Alimwambia Chelimo abaki nyumbani. Msichana hakubaki, alitufuata kwa nyuma. Watu walipokwisha kupima majani yao, Johana aliomba wamsikilize. Alisema hivi, nakumbuka vizuri:

"Niliwaambia najua. Sikujua, na leo bado sijui."

Aliwaeleza juu ya safu za bondeni, kwamba yeye ndiye aliyezichagua na kwa hivyo kosa ni lake. Hakutaja jina la Chelimo hata mara moja. Kiplangat, aliyekuwa akigombea naye kiti, akauliza kwa sauti kama huu ndio uongozi, leo hivi na kesho vile, na watu wengine wakacheka. Hapo Chelimo akapita katikati ya vikapu akasimama kando ya baba yake, akasema hesabu ilikuwa yake na ni yeye aliyesahau mto. Kicheko kikakatika. Kemuma alibeba kikapu chake kitupu akaenda.

Kesho yake Johana alitoa magunia ya mbolea ya kawaida yaliyokuwa yetu, akayapeleka kwa Kemuma kwa toroli. Nilienda naye. Yule mama akatufungulia ghala.

"Ungenyamaza ningeendelea tu," akamwambia, "mpaka nibaki na miti mitupu."

Uchaguzi ulipofika, Kiplangat alishinda. Hilo ni kweli, hakukudanganya. Johana alimpa mkono mbele ya watu. Lakini imemuuma, shemeji, kuliko anavyoonyesha, na akiona jina lako kwenye simu anaigeuza uso chini. Anafikiri unataka kumwambia ameaibisha jina la mzee.

Chelimo alirudi chuoni akamwambia mwalimu. Alama ilishushwa, na akaruhusiwa kufanya kazi upya. Safari hii wanapima kwenye mashamba kadhaa, la Kemuma likiwemo, kwa sababu alijitolea mwenyewe. Safu za kunyunyiziwa zilichaguliwa kwa kura, ili asiwepo mtu wa kupendelea pazuri. Johana alilalamika kura ilipoangukia safu ya juu kabisa kwenye mawe, kisha akabeba maji mpaka huko. Majibu hayajatoka. Johana hamuulizi Chelimo anatarajia nini.

Jambo moja zaidi. Juzi muuzaji mwingine alikuja kituoni na mbolea ya unga, akiisifu sana. Mimi sikuwepo, nimeambiwa na Kemuma. Watu walimsikiliza mpaka mwisho, na wale wale waliomnyima Johana kura wakamwonyesha njia ya kuja hapa kwetu. Walimwambia aanze kwa Johana, na Johana akisema anajua kwamba inafanya kazi, watanunua. Mtu huyo alikuja, akanywa chai, akaambiwa aache pakiti moja na arudi baada ya msimu. Baba Chelimo aliingia jikoni kunieleza habari hiyo, akasahau alichokuwa amekuja kuchukua.

Kwa hivyo nakuomba, mpigie tena, jioni wakati amemaliza kukamua. Usianze na kituo wala Kiplangat. Muulize juu ya ndama. Mengine atayaleta mwenyewe.

Kogo anakusalimia na anasema uvae nguo nzito. Chelimo anawasalimu wote, na anaomba umwambie Chepkosgei kwamba bado anakumbuka ahadi ya kumtembelea. Nasi tunawasalimu watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awalinde huko mliko, awape kazi nyepesi na usingizi mzuri, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi shemeji yako akupendaye siku zote,

Eddah, Mama Chelimo