Kwa Mitchell, Niliyemwita Mgeni

Makongeni,
Thika.
Jumapili, 6 Julai 2025

Mpendwa Mitchell, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Habari za Finland? Mama yako anaendeleaje na mgongo wake? Mitihani uliimaliza salama? Sisi huku tunaendelea, ila baridi imetushika. Thika inaamka na ukungu mpaka saa nne asubuhi, na kila nyumba ina mtu anayekohoa.

Nilipaswa kukuandikia tangu Januari. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaiachia kwenye salamu, kwa sababu baada ya salamu ndipo pagumu.

Ulipokuja Desemba ulikuwa na daftari la maswali. Ulisema huko watu hukuuliza baba yako alitoka nchi ya namna gani, nawe huna la kuwaambia zaidi ya jina lake. Uliniomba nikufundishe. Siku ya Jamhuri, tukila kule nyumbani Ngoliba, nilikuuliza mbele ya jamaa wote rangi za bendera yetu zina maana gani. Ukasema nyeusi ni usiku wa Afrika. Nikacheka, na wengine wakacheka kwa sababu nimecheka mimi. Kisha nikasema, "Wewe ni mgeni tu hapa, Mitchell. Kula ushibe, urudi kwenu."

Uliweka kijiko chini polepole, ukakunja daftari. Uliondoka siku tisa kabla ya tarehe yako. Baba yako mdogo Mwangangi alitoka Mwiki kuja kukupeleka uwanja wa ndege, mimi nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi.

Unakumbuka kwamba nashona sare za shule katika duka la Ansuya hapa mjini. Mwezi wa tano mama mmoja alirudisha sweta ambayo mtoto alikuwa ameshaivaa hadi ikafuliwa. Ansuya alikataa kwa upole. Yule mama akamwambia arudi kwao. Ansuya ni Mhindi, lakini amezaliwa Thika, babake amezaliwa Thika, na Kikuyu anakijua kuliko mimi Mkamba. Nikainuka kwenye cherehani nimkemee yule mama. Kisha nikakumbuka kwamba yale yalikuwa maneno yangu. Nikaketi.

Mteja alipoondoka nilimsimulia Ansuya habari yako. Alisikiliza akikunja mashati. "Yule mama simjui, nitamsahau," akaniambia. "Lakini wewe ni shangazi yake Mitchell."

Basi nikujibu, ingawa nimechelewa sana.

Nyeusi ni watu wa nchi hii. Nyekundu ni damu iliyomwagika kutafuta uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani. Ngao na mikuki ni ya kuvilinda hivyo vyote. Kwenye nembo ya taifa kuna simba wawili wameshika ngao, na chini ya miguu yao kuna mlima na mimea yetu: kahawa, chai, mahindi, mkonge, pareto, na mananasi. Hayo mananasi sikuyajua mpaka juzi, nilipoazima kitabu cha shule cha jirani ili nisikudanganye. Mimi niliyekucheka.

Ikweta inapita katikati ya nchi, na Mlima Kenya umekaa karibu kabisa nayo, lakini juu kuna barafu. Asubuhi isiyo na mawingu tunauona kutoka hapa. Wakikuyu wanauita Kirinyaga, sisi Kiinyaa. Magharibi kuna Bonde la Ufa, na mbele zaidi Ziwa Victoria. Kaskazini ni nchi kavu ya wafugaji. Mto Athi, unaopita upande wa kwetu chini ya mlima Kilimambogo, hubadilisha jina njiani. Ukifika Malindi unaitwa Sabaki, na ndipo unapoingia baharini.

Jamii zetu ni zaidi ya arobaini. Kwenye ploti ninayopanga kuna Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na sisi. Tunasalimiana kwa Kiswahili, lakini mtu akiungua kidole na sufuria utasikia lugha ya mama yake. Wahindi nao walitambuliwa na serikali kuwa jamii ya Kenya mwaka wa 2017. Yale mahindi yaliyokobolewa uliyoyapenda, tukiyapika na maharagwe, ni muthokoi, chakula cha Wakamba.

Jina lako la pili, Ndila, ni la mama yetu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya aliyemzaa baba yake. Kwa hiyo niliyemwambia arudi kwao ana jina la mama yangu.

Sasa nifike kwenye lile nililolificha. Uliniuliza shamba la baba yako liko wapi, nikakwambia liliuzwa nyanya yako alipougua. Halikuuzwa. Ulikuwa umesimama juu yake. Linaanzia kwenye ile safu ya mkonge mpaka mtoni, na mimi ndiye ninayelilima tangu baba yako Mutisya aondoke. Alipofariki akazikwa huko Finland bila sisi kumtupia hata konzi ya udongo, niliumia, nikajiambia kwamba ametuacha na shamba limekuwa langu. Ulipokuja na daftari, swali nililoliogopa lilikuwa hilo moja. Nikakutia aibu ili usiulize mengine.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Mwangangi. Akauliza kama nitakuandikia mwenyewe au aandike yeye. Tukaenda Ngoliba pamoja, na mbele ya mzee wa kijiji na majirani nikasema kwa mdomo wangu kwamba sehemu ile ni ya Mitchell Ndila Mutisya. Mahindi yaliyopo nikishayavuna sitapanda tena humo.

Na sheria yetu inasema hivi: baba yako alikuwa Mkenya ulipozaliwa, basi nawe ni Mkenya wa kuzaliwa. Hukuhitaji kufaulu mtihani wangu.

Ansuya anakusalimu ingawa hamjaonana. Mwangangi na watu wake wa Mwiki wanakusalimu pia. Mpe mama yako pole zangu, na ukienda kaburini kwa baba yako, mwambie dada yake amesema ukweli. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Sikuombi unijibu. Ukitaka kuja, Mwangangi atakupokea na kukuonyesha mpaka wako. Kama hutaki niwepo, mwambie yeye tu, nami siku hiyo nitabaki Makongeni.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Beth