Mpini Nitauchonga Nyumbani

Korogwe, Jumatano

Mama Zaina, mke wangu,

Mmeamkaje hapo Handeni? Huku joto limenikalia shingoni.

Kile chombo changu cha mezani cha kukatia matunda na mboga kilikuwa tayari, au nilidhani hivyo. Tango, karoti, embe bichi, vyote kinavikata vizuri. Jana nikampa mama ntilie wa hapa stendi akijaribu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akakigeuzageuza, akauliza, "Sasa baba, na meza yake iko wapi?" Kisha akachukua fungu la matembele, akalikatia kiganjani, kisu chake kikiishia kwenye kidole gumba, kama ufanyavyo wewe. Hata ile mistari myeusi kidoleni anayo. Nikamtazama mpaka akaacha kukata. "Umemkumbuka mkeo wewe." Sikubisha.

Nimerudi karakana nikakiondolea miguu yote minne, ili kishikwe mkononi. Mpini ndio umenishinda. Miaka kumi na moja naushika mkono wako, na upana wake siujui.

Ijumaa nakuja na kipande cha mninga ambacho sijakichonga. Utanipa huo mkono nipime, na sitakuwa na haraka.

Mumeo,
Baba Zaina