Mkwe Aliyeapishwa

Kwa mdogo wangu Kanisius, Litembo.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ni magoti tu yananigomea kupanda mlima. Wewe je, na shemeji, na kahawa imechanua? Mwalimu wa huku ziwani alitaka kuniandikia barua hii nikamkatalia. Darasa la pili langu linatosha. Wewe unajua, ukoo mzima hakuna aliyenipita Kiswahili.

Kanisius, mwanetu Otmari amefungwa. Mwaka mmoja. Kaa chini kwanza ndiyo uendelee kusoma.

Usiku zilipoibwa zile nyavu za tajiri wake, ambazo wanasema kaiba yeye, mimi nilikuwa huko kwako kwenye msiba wa shangazi. Mtoto alikuwa ndani anaungua homa, na aliyekuwa naye ni mama yake peke yake. Kwa hiyo shahidi ni mama yake, hakuna mwingine. Na shemeji yako unamjua, tangu ashuke huku hajui Kiswahili wala Kinyasa. Anajua Kimatengo na kulima.

Hakimu akasema vizuri kabisa, sheria inampa mama haki ya mkalimani. Nikanyoosha mkono mpaka ukagusa boriti.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Baba wa mshtakiwa, mheshimiwa, mume wa shahidi, na Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha karani wako."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Keti, mzee. Wewe huwezi kumtafsiria mkeo."

Karani akatoka nje akaita, nani anajua Kimatengo? Akaja mtu anafuta jasho, ameshika kofia. Festo! Mkweo Festo, mume wa Skola wako, alikuwa ameteremka kununua dagaa wa usipa akasikia Wamatengo wanatafutwa, akaja mbio kusaidia. Wakamwapisha kwa Biblia. Alipoinua macho akaona ni nani yuko kizimbani, kofia ikamdondoka.

Shemeji yako akajifunika kanga mpaka usoni, akageukia ukuta.

Wewe unajua bila kuambiwa. Binti yako ni binti yangu, mkweo ni mkwe wetu, na Festo bado hajaleta ile nguo ya kufungua mdomo, ndipo aruhusiwe kusema na mama mkwe. Hajawahi hata kula mbele ya mama mkubwa wa mkewe. Sasa anaambiwa amuulize, na yeye ajibu.

Festo akasema, "Mheshimiwa, huyu ni mkwe wangu."

"Mna ugomvi?"

"Hapana, mheshimiwa. Namheshimu."

"Basi vizuri. Muulize, usiku ule mwanawe alikuwa wapi?"

Festo akauliza huku anatazama vidole vyake vya miguu. Kimya. Akaambiwa aulize tena, akauliza, sauti inatetemeka kama ya mwali. Kimya. Nikasimama nikaanza kueleza mila yetu, kwa Kiswahili safi, Kanisius, ungekuwepo ungejivuna. Askari akanishika kwapani akanitoa. Nikiwa mlangoni nikasikia hakimu anasema huku anaandika, "Shahidi amepewa mkalimani, hakujibu."

Nyumbani nikamfokea. Akaniambia, "Nilimvua nguo zote mwanangu mtu mzima, nikamfuta mwili kwa maji, akanitapikia mapajani. Hayo ningeyasema mbele ya mkwe?" Sasa anayasema yote kila asubuhi jikoni, peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Ushahidi mzuri sana.

Nimekata rufaa. Wananiambia huko wanasoma yaliyoandikwa tu, lakini mimi sikubali, nitaomba asikilizwe upya. Nitafutie mtu wa lugha zote mbili asiyeoa kwetu. Najua ni kazi, tumeozana na Litembo nzima.

Juzi tulikwenda kumwona gerezani. Nikadhani mama na mwana watazungumza wapoze moyo. Askari akasema, "Hapa ni Kiswahili tu, nisikie mnachopanga." Bahati njiani nilimfundisha neno moja, nikamrudisha nalo kila kona mpaka likakaa.

Akasema, "Umekula?"

Otmari akasema, "Nimekula, mama."

Akakaa. Akamtazama. Akasema tena, "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Hivyo hivyo mpaka muda ukaisha. Mtoto amekonda, Kanisius. Mimi nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni, sikuongeza hata moja.

Msalimie shemeji, na katekista wetu, na yule fundi aliyeniezekea nyumba ya juu, mwambie bado haivuji. Skola mwambie asimkasirikie mumewe. Alikuja mbio kwa wema. Nguo ailete tu, hata sasa.

Shemeji yako anawasalimu, anasema mmwombee mwanawe, na wewe uvae sweta kifua chako hakifai. Amesema kwa Kimatengo, nimetafsiri mimi mwenyewe, na hapa hakuna wa kuniambia keti.

Kaka yako,
Alanus