Jina la Babu Yako

Zaina mjukuu wangu, marahaba.

Hapa Kilole sote wazima, na mama yako anakusalimu. Unauliza kama nitaumia ukiondoa jina la babu yako kwenye pasipoti, uweke la mumeo.

Sisi hatukuwaita waume zetu kwa majina. Tukiwa bado maharusi, basi lilianza kuondoka Mazinde mimi nikiwa ndani, babu yako yuko chini ananinunulia machungwa. Hatukuwa na mtoto bado, niseme baba fulani. Nikapiga kelele, "Wewe!" Wanaume wote wakageuka isipokuwa yeye. Alifika jioni kwa lori la mkonge, anacheka, machungwa mkononi.

Badilisha tu, mama. Ila ulisema huko uliko, maofisini, wanakuita kwa jina la mwisho. Kabla hujalibadilisha, nipigie simu ukiwa kwenye foleni ya pasipoti. Nataka nisikie babu yako akiitwa, na mtu akiitika.

Bibi yako